Dawa ya Mama Kwenye Chupa ya Kaka

Newala,
9 Julai 1974

Mpendwa dada yangu Mama Vitalis,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Lupaso, wewe, shemeji na watoto. Mguu wa shemeji umepona, au bado anausingizia ili asishike jembe? Sisi hatujambo, ila maji. Tangu tuhamie kijijini nyumba zimebanana, bomba linatoa maji siku mbili kwa juma, na mapunye yameenea vichwani mwa watoto hadi shuleni utadhani wote wamemwagiwa unga.

Kwa hiyo kazi ninayo. Kile kichaka cha marehemu mama, chenye maua ya manjano, nilikihamishia hapa na kimeshika. Natwanga majani mabichi, natia matone ya mafuta ya maganda ya korosho, watoto wanapona.

Mwezi wa tatu kaka Pancras aliniandikia kutoka zahanati yake kule bondeni. Alisema dawa za serikali zimemwishia, na watoto wa kijijini kwake, wengi wao wa wakimbizi waliovuka Ruvuma, wanateseka. Akaniomba nimwelezee jinsi mama alivyoitengeneza yake. Nilifurahi mpaka nikamsomea jirani ile barua. Kaka msomi, mwenye koti jeupe, ananiuliza mimi! Nikamjibu siku ileile.

Mwezi wa tano kukawa na mkutano wa afya hapa Newala. Nilifua khanga kwa maji ya kunywa ili niende kumsikia kaka akimtaja mama. Akasimama na chupa mkononi, akawaambia wakubwa kwamba ameitafiti dawa hiyo mwenyewe kwa miaka minne. Akaongeza kwamba wanawake wa huku wanawapaka watoto matope ya majani bila kujua wanachofanya, akaomba wakatazwe. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa safu ya tatu. Aliniona, dada, macho yetu yalikutana, akageukia upande wa pili. Mama aliwatibu watoto wa tarafa nzima, naye Pancras akiwemo, leo mwanawe anamwita mpakaji matope! Sijawahi kuumia hivyo, hata siku mume wangu, Baba Nikolao, aliponiacha.

Juma lililofuata katibu wa kijiji alikuja kunikataza kutibu. Alisema huku akitazama chini, maana mwanawe nilimponya mimi.

Sasa nikueleze kilichonishikisha kalamu. Ijumaa moja, wiki tatu zilizopita, alifika Mwanaisha, mkimbizi anayeishi kijijini kwa kaka, kambeba bintiye mgongoni. Mtoto alipakwa dawa ya chupa. Ngozi ya kichwa imebabuka, malengelenge mpaka sikioni. Mwanaisha alisema wako tisa wa namna hiyo, na kaka anawaambia wazazi kuwa ni uchafu wao wenyewe.

Dada, wewe unajua sababu. Mama alipokufundisha dawa mara ya kwanza, alibakiza jambo moja. Ulitakiwa urudi na mgonjwa wako wa kwanza, na hapo mbele ya kichwa chake ndipo alipokumalizia. Kaka alikuwa bwenini misheni, hakuyajua hayo. Nilimwandikia kwa desturi yetu: nikabakiza mafuta ya nyonyo, yanayokinga ngozi isiunguzwe na korosho, nikamwambia mwishoni aje na mgonjwa. Hakuja. Mpaka hapo sijioni na kosa.

Lakini pale mkutanoni niliiona chupa, nikajua imepungukiwa nini. Ningeweza kumvuta pembeni nikamwambia neno moja tu. Badala yake nilisema moyoni, acha imwaibishe. Sikuwafikiria watoto kabisa, nilimfikiria yeye. Wale tisa tumewaunguza sisi wawili, dada, yeye na mimi.

Nimemwandikia mara mbili, hajibu. Labda anadhani nataka aniombe radhi. Wewe ni mkubwa wetu, hatakupuuza. Nenda mwenyewe, usingoje posta. Mwambie amwage yote iliyo chupani. Mwambie kichwa kipakwe kwanza mafuta ya nyonyo, matone ya korosho yasizidi matatu kwa bakuli la majani, na dawa ioshwe kabla haijakauka. Usinitaje. Akitaka kusema hayo nayo ameyagundua mwenyewe, mwache aseme.

Nisalimie shemeji, Vitalis na wote wanaoniulizia. Mwanaisha yupo bado hapa kwangu, namuuguzia mtoto. Anakusalimu sana, na kila asubuhi ananishukuru. Bado sijamwambia.

Ni mimi mdogo wako,
Justa