Kesho ni Zamu ya Habiba

Garissa, Alhamisi, 1966. Joto la leo si la kusimulia, na mimi situlii. Nimefagia ua, nikaufagia tena, nikakaa, nikainuka.

Naandika Kiswahili, kile cha sokoni na cha marehemu baba aliyekuwa mkalimani ofisini, kwa sababu humu nyumbani hakuna mwingine anayekisoma. Afadhali. Yaliyomo moyoni leo si ya kila mtu.

Tangu vita vituingize ndani ya uzio, mifugo imebaki nje ya lango. Sisi wanawake wa maziwa hutoka kwa zamu: mmoja anakwenda malishoni, anarudi na maziwa ya wote, tunayauza. Ndivyo walivyofanya bibi zetu, na zamu hairukwi. Kumruka mtu ni kumwambia mbele ya watu kwamba humwamini.

Juzi askari mgeni kutoka bara alifungua chombo cha maziwa langoni, akanusa. Akasema yananuka moshi, basi yametoka kwenye moto wa mashifta, wale waasi wa porini. Jamani! Vyombo vyetu tunavifukiza kwa kijinga cha moto ili maziwa yasiharibike njiani, na huo moshi ndio utamu wenyewe. Hakusikia. Lango likafungwa, watoto wakanywa chai bila maziwa, na soko letu likalala.

Wenzangu wakanisukuma nikaseme, eti nina ulimi. Basi leo asubuhi nimekwenda kwa ofisa anayesimamia lango, na chombo kitupu na kijinga. Nimekifukiza pale pale barazani pake, nikamimina maziwa ya mbuzi niliyoyaomba jikoni kwake, nikamwomba anuse. Amekohoa, akacheka.

Kisha akaacha kucheka.

"Lango nitafungua, Mama. Lakini atakayetoka asiporudi, nitakufunga wewe."

"Sawa, Bwana," nikasema upesi, kabla sijafikiri.

Wanawake wamenipokea kwa vigelegele. Katikati ya vigelegele ndipo nilipokumbuka kesho ni zamu ya nani.

Habiba. Mumewe hajaonekana tangu mvua zilizopita, na watu wanasema yuko porini na bunduki. Yeye mwenyewe hajasema neno, nasi hatujamuuliza.

Mama mkwe amenivuta pembeni, akaniambia niichukue zamu mimi, nidai ni amri ya ofisa. Uongo mdogo tu, nani atajua? Nina watoto wadogo. Naogopa, wallahi naogopa. Tena naona haya, maana huo uongo nimeshaanza kuutunga kichwani.

Alasiri Habiba amepita, vyombo vyake vimeshafukizwa, amevifunga vizuri mgongoni.

"Abaayo," ameniita, kama dada anavyomwita dada, "kesho ni mimi?"

Nimejifanya nakaza kamba ya mlango. Amengoja kidogo, kisha akaenda zake.

Kwa nini sikumjibu?

Askari anatushuku sote. Ofisa ananishuku mimi. Hata maziwa yetu yanashukiwa! Nimekwenda kule kusema kwamba sisi ni watu wa kuaminika, halafu nirudi nimshuku mwenzangu? Nikimruka Habiba, wasihangaike tena kuweka askari langoni. Wanipe mimi bunduki, nisimame.

Jua halijazama, bado wanaturuhusu kutembea. Naenda kwake sasa hivi kumwambia ni yeye. Akirudi, alhamdulillahi.

Asiporudi, watanikuta nyumbani.