Maji ya Bondeni Hayakuuliza Jina

Shangazi yangu Zuhura,

Jana nilifundisha darasa langu la mwisho chuoni. Mwanafunzi mmoja akaniuliza ni profesa gani aliyenifundisha kazi ya utafiti. Nikamwambia hakuwa profesa, alikuwa shangazi yangu aliyesomesha wasichana Kurani barazani kwake Kawempe. Wanafunzi wakacheka kwa adabu, wakidhani natania. Ndiyo sababu leo nakuandikia, ingawa udongo umekufunika miaka mingi.

Nilikujia nikiwa mwaka wa mwisho, zama za serikali ya wanajeshi. Mwalimu aliyenisimamia alikuwa ametoweka wiki ile. Wengine walinong'ona kwamba kavuka mpaka, wengine walinyamaza tu. Aliniachia rundo la fomu na swali moja: kwa nini watoto wa bondeni, nyuma ya soko la Kalerwe, wanakufa kwa kuhara kila mvua zinapoanza?

Nilizunguka huko siku tatu. Milango ilifungwa mmoja baada ya mwingine. Mama Nansubuga, aliyekuwa amezika watoto wawili, aliitazama fomu yangu akasema hana mtoto na hajawahi kuwa naye, huku mtoto akilia ndani.

Nikalia mkekani kwako. Nikasema naacha. Hukunibembeleza. Uliniambia nikutafsirie ile fomu, mstari kwa mstari. Wa kwanza ulitaka jina la mwenye nyumba. Ukaweka kidole pale pale.

"Mwanangu, nani siku hizi atatoa jina la mumewe kwa mtu mwenye kalamu? Lifute. Maji hayaulizi jina."

Nikabisha kwamba chuo kinataka majina. Ukanijibu kwamba gari likija kumchukua mtu, litamchukua yeye, si chuo. Basi tukakaa tukaandika fomu upya kwa mkono. Nyumba zikapewa namba, majina yakafutwa. Wewe hukujua Kiingereza, ulipiga mistari kwa rula ya madrasa.

Kesho yake ulijifunga kanga ukatangulia mbele. Majirani Waganda walikuita Ssenga, kama wanavyomwita shangazi, kwa kuwa hapakuwa na harusi wala uzazi bondeni ambao hukuhudhuria. Mama Nansubuga alisikia sauti yako akafungua. Hukumuuliza lolote. Uliketi ukamenya naye matoke, mpaka mwenyewe akaanza kusema: mvua ikinyesha, vyoo vinafurika kuelekea chemchemi. Sabuni imepotea madukani, wananawa kwa majivu. Wale wawili aliwazika msimu mmoja. Nikaandika, machozi yakidondokea karatasi, ukanikazia macho nisiiharibu.

Tulimaliza nyumba zote. Siku ya kupeleka fomu chuoni kwa miguu, tukakuta kizuizi cha askari kabla ya kufika Wandegeya, karibu na chuo. Kijana mwenye bunduki akamwaga kapu lako chini.

"Nyinyi naandika watu," alisema kwa Kiswahili cha kambini. "Majina napeleka kwa nani?"

Alipekua karatasi moja moja, zote, akitafuta. Mwishowe akasema, kama mtu aliyedhulumiwa, "Majina hapana."

"Hamna, mwanangu," ulimjibu. "Ni habari za maji tu. Na wewe, kwenu mama anachota wapi?"

Nilidhani atakupiga. Akatazama barabara.

"Mtoni," alisema.

Kisha akaanza kuzikusanya zile karatasi, akizinyoosha pembe zake kwa mkono mmoja. Akasema nimwandike na mama yake: anachota mtoni, na watoto wawili wamekufa kwa tumbo. Nikaandika pale pale, nikiwa nimepiga goti kando ya barabara. Fomu ile sikuweza kuihesabu katika utafiti, maana kwao hakukuwa Kalerwe. Wala sikuitupa. Ninayo hadi leo.

Watahini waliniuliza majina yako wapi. Nikawaeleza kama ulivyonieleza mimi, neno kwa neno, ila kwa Kiingereza. Mzee mmoja kati yao akavua miwani, akasema mtu asiyeogopa hana haja ya kudanganya, na kwamba anayaamini majibu haya kuliko yote aliyosoma tangu mwaka uanze. Nikapita. Nilipokuletea habari, ulisema alhamdulillahi, kisha ukauliza, "Na wenyewe wa bondeni umewaambia?"

Sikuwa nimewaambia. Mikutano ilikuwa ya kuogopwa, hivyo ukatangaza maulidi. Hata Wakristo walikuja. Baada ya dua ukanisimamisha niwasomee tulichokuta: nyumba zilizo mteremkoni, chini ya vyoo, ndizo zilizozika watoto wengi zaidi. Nilijuta kusema. Kisha Mama Nansubuga akasimama.

"Basi tuanze na choo changu," alisema.

Hatukungoja barua ya ofisi yoyote. Vyoo vikafukiwa, vikachimbwa vipya mbali na maji. Wanaume walibeba mawe, fundi mmoja wa msikitini akaizungushia chemchemi ukuta na kutia bomba. Nawe, na umri wako wote, ulikanyaga udongo kwa miguu ukiwakemea waliolegea.

Mvua zikaja. Kila asubuhi nilipita bondeni nikitega sikio nisije nikasikia kilio. Wiki ikaenda, na nyingine, na mwezi. Mvua zikakatika bila jeneza la mtoto kushuka njia ile. Siku hiyo Mama Nansubuga alikuja barazani na binti yake mgongoni na kikombe cha maji ya bomba mkononi. Alikunywa kwanza yeye, akamnywesha mtoto, akakupa wewe. Ukayanywa yote. Kisha wewe, uliyewachapa wasichana kwa kupiga kelele mbele ya msahafu, ukapiga vigelegele mpaka darasa zima likaitikia na barabara ikasimama.

Lala kwa raha, Shangazi. Tulishinda.

Binti wa kaka yako