Mbao Nne Chini ya Paja la Dinosaria

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa katika jalada
Umri: miaka 38
Kazi: mtunza daftari, machimbo ya mifupa ya dinosaria
Makazi: nyumba za wafanyakazi, chumba namba 6
Yamechukuliwa: Ijumaa tarehe 12 Aprili, saa 4:15 asubuhi

Nimeelezwa kwamba nikisema uongo kwa makusudi naweza kushtakiwa. Nimeelewa.

Mnamo Jumanne tarehe 9 Aprili kulikucha na manyunyu. Naanza na mvua kwa sababu bila mvua mbao zisingeondolewa.

Nimesoma hadi kidato cha nne. Kazini naandika kila linalofanyika shimoni: saa, kina, na nani yuko wapi. Kosa katika daftari la kazi halifutwi. Hukatwa kwa mstari mmoja ili liendelee kusomeka, na ubavuni unaweka sahihi. Nyumbani nina shajara yangu ambayo huandika kila jioni. Nimekuja na vyote viwili.

Aliyeumia ni mdogo wa marehemu mume wangu. Tunamwita Fuko, kwa kuwa hakuna anayemshinda kuchimba akiwa amelala ubavu. Mimi ndiye niliyemwombea kazi hiyo, miaka sita iliyopita.

Shimoni tulikuwa tunatoa paja la dinosaria mkubwa, mla majani. Msimamizi alitueleza kwamba miaka milioni mia na hamsini iliyopita hapo palikuwa ukingo wa mto, na mnyama huyo alikwama kwenye tope. Ndiyo maana mguu wake umesimama wima ndani ya mwamba, kama bado anajaribu kuuchomoa. Fuko alikuwa akisema, "Alifuata maji, tope likamwambia karibu ukae."

Mfupa wa aina hiyo hautolewi mtupu. Tunauacha na udongo wake, tunauviringishia vipande vya gunia vilivyolowekwa kwenye plasta, na plasta ikikauka linakuwa bonge gumu. Halafu mchimbaji anaingia chini na kupunguza udongo mpaka bonge libaki limekaa juu ya nguzo nyembamba. Bonge hili lilikadiriwa kuwa kilo mia nane. Kanuni ni kwamba haingii mtu chini kabla ya mbao nne za kuegemeza kusimama, mbili kila upande. Anayezihesabu na kuziandika ni mimi.

Siku hiyo, saa 1:20 asubuhi, nilikuwa nimejikinga kwenye kibanda cha zana. Niliandika: "Mbao nne. Fuko chini ya bonge." Sikutoka kwenda kuhesabu. Siku zote zilikuwa nne. Katika daftari hilo nimeandika nne mara arobaini na moja, nimezihesabu jana.

Kumbe saa moja na dakika kama tano msimamizi alimwagiza mpiga plasta ang'oe mbao mbili za upande wa kushoto zikashike turubai, maana plasta ya juu ilikuwa mbichi na mvua ingeiharibu. Mpiga plasta ameniambia hivyo mwenyewe. Anasema Fuko aliuliza, akajibiwa kwamba ni nusu saa tu, jua likitoka zitarudishwa. Jua halikutoka. Mimi nikiwa kibandani nililiona turubai likipanda. Sikujiuliza limesimamishwa kwa kitu gani.

Saa 3:10 nilisikia kishindo kizito. Niliandika saa kabla ya kukimbia, na hilo naomba liandikwe. Nguzo ya udongo ilikuwa imevunjika upande wa kushoto, bonge likalala juu ya mguu wa kulia wa Fuko, kuanzia juu ya goti. Mpiga plasta alikwenda kuchukua nyundo kubwa alipasue. Msimamizi akasimama mbele yake, akasema, "Mfupa kama huu hakuna wa pili. Tusubiri jeki." Jeki ilikuwa ghalani, mwendo wa dakika ishirini na tano kwa gari kwenda, ishirini na tano kurudi.

Nililala kifudifudi kwenye tope nikasogeza uso penye upenyo. Nilimwona kuanzia kifuani.

Alisema, "Shemeji, andika: Fuko amelala kazini."

Nikamwambia aache utani, asipoteze pumzi. Akaniuliza kama mguu wake bado upo. Nikasema upo. Sikuwa nauona.

Kisha akauliza, "Mbao uliandika ngapi?"

Nikamjibu nne.

Matone yalikuwa yanaanguka kutoka kwenye turubai, na mbao zetu mbili nilikuwa naziona kwa pembe ya jicho. Halafu akasema, "Basi iache hivyo hivyo. Tukifukuzwa wote wawili, watoto watakula plasta?"

Jeki ilifika saa 4:02. Fuko alitolewa saa 4:20. Mguu ulikatwa hospitalini mchana huo huo. Bonge halikupata hata ufa.

Tarehe 10 Aprili, saa 3:00 asubuhi, msimamizi aliniita ofisini, akanivutia kiti. Ripoti ilikuwa tayari imechapwa. Inasema mchimbaji aling'oa mbao mbili mwenyewe ili apate nafasi ya kujigeuza, na kwamba zilikuwa nne alipoingia, kwa mujibu wa daftari, saa 1:20. Aliniambia kwa upole, "Mama, anayesema hivyo ni daftari lako. Mimi sijaongeza neno." Ni kweli. Ripoti hiyo ikipita, Fuko atahesabiwa amejiumiza kwa uzembe, na atatolewa kazini bila kulipiwa matibabu zaidi.

Tarehe 11 Aprili, saa 10:00 jioni, nilikwenda wodini. Nilimwambia Fuko ninataka kuja hapa. Akasema, "Mguu hauoti, shemeji. Wewe una watoto watatu na chumba cha kazini." Kisha akageukia ukutani. Shuka lilikuwa limelala bapa pale ambapo mguu ungekuwa.

Shajara yangu ya tarehe 9 Aprili inasomeka hivi: "Manyunyu tangu alfajiri. Mbao mbili chini ya bonge, mbili kwenye turubai. Nimezihesabu leo, baada ya."

Sentensi hiyo sikuimaliza.

Jana usiku niliweka daftari na shajara mezani, kimoja kando ya kingine. Nilivitia vyote kwenye mkoba mmoja, nikalala saa nane na dakika arobaini.

Hayo ndiyo niliyoyaona, pamoja na jambo moja nililoliandika bila kuliona. Nimesomewa maelezo haya na ni sahihi.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maelezo ya afisa: Nimepokea daftari la kazi na shajara kama vielelezo. Kabla ya kukabidhi daftari, shahidi aliomba kalamu ili akate neno "nne" kwa mstari mmoja, aandike "mbili" na kuweka sahihi ubavuni. Nilimweleza kwamba hairuhusiwi, kwa kuwa sasa ni kielelezo na kitabaki kama kilivyo. Alikaa na kalamu mkononi kwa muda, kisha akairudisha. Ameondoka saa 6:05 mchana.