Pomboo na Mwanawe

Majoreni, 1965

Baba Tumu,

Assalaam aleikum, huko melini uliko. Mvua imetosha mihogo, na mbuzi wa mama amezaa pacha.

Jana baba aliwapeleka wageni wa hoteli kutazama pomboo mlangoni mwa mto Ramisi, akanipakia na mimi nipate hewa. Pomboo mmoja alikuwa akimsukuma mwanawe juu ya maji. Wageni walicheka wakidhani wanacheza. Baba akaninong'oneza, "Mwana amekufa. Mamaye hatamwacha leo wala kesho."

Tumu wetu homa ilimchukua Jumatatu asubuhi, akazikwa kabla ya alasiri, kama ilivyo ada. Sikuweza kuwaambia wakungoje.

Nimekuita Baba Tumu hapo juu. Sijui nikuite nani tena.

Mkeo,
Mwanasiti