Kwanza Ale

Jumatatu, 3 Machi
Asubuhi nimezunguka mtaa wa Kitaji na begi. Kazi ya mhudumu wa afya wa mtaa ni miguu na mdomo. Mchana Butiama kwa mama. Kaka Magesa nimemkuta nyuma ya zizi, gongo imeshamkolea. Sikumhubiria. Nikamuuliza leo amekula nini.

Akacheka. "Wewe tu ndo hunigombezagi."

Hajala tangu jana. Nikamkorogea uji. Tukakubaliana: ale kabla ya kunywa, maji yawe karibu, asinywe peke yake. Mama alikuwa mlangoni anasikiliza. Eti namfundisha mwanawe ulevi. Imeniuma.

Alhamisi, 6 Machi
Mama kapiga simu, furaha tupu. Wanamaombi walikuja jana, Magesa akaapa mbele yao kuacha. Gongo yote wameimwaga chooni. Wamemfungia chumbani asije akashawishika.

Nikamwambia mnywaji wa miaka mingi hakatishwi pombe ghafla, mwili unaweza kugoma, ampeleke hospitali. Akasema imani yangu ndogo. Akakata simu. Nina hasira.

Ijumaa, 7 Machi
Sikungoja gari. Bodaboda mpaka Butiama. Nikachungulia dirishani: Magesa jasho, kutetemeka, anafukuza mbuzi ambao hawapo. Nje ya mlango wanamaombi wanakemea pepo. Mama kashika ufunguo, hatoi.

Nikampigia mama yangu kelele. Sijawahi. "Si pepo, mama! Mwili umezoea gongo, umeikosa. Atatufia humu ndani!"

Ndani kikasikika kishindo. Mama akafungua mwenyewe. Magesa chini, amekakamaa, povu mdomoni.

Tumemfikisha hospitali. Niliogopa. Bado naogopa.

Jumapili, 9 Machi
Ametutambua. Daktari kamweleza mama yale yale niliyomweleza mimi. Kwa daktari kaitikia. Haya.

Magesa kasema hataapa tena, hajui kama ataweza kuacha. Atajaribu kupunguza, akiona mwili unasumbua arudi hospitali. Mama alilia kimya, shuka la mgonjwa mkononi. Nilimhurumia.

Jumamosi, 15 Machi
Niko Butiama. Magesa karuhusiwa juzi. Leo jioni alitoka, akarudi ananuka gongo. Kidogo, lakini ananuka. Mama alisimama mlangoni. Nikajiandaa kwa vita.

Alimtazama sana. Kisha akampisha apite.

"Umekula?"

Magesa akatikisa kichwa, bado. Mama akaenda kuchochea moto. Mimi nikachambua dagaa.