Dakika Hamsini za Baba

5 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Huku hatujambo. Mjukuu wako ameota jino la pili na ameshalijaribu begani kwangu. Mgongo wako je?

Kutoka uwanja wako wa ndege hadi huu ninaoongozea ndege kwa redio ni kilomita mia mbili na tisini, dakika hamsini angani. Barua zinafika, maboksi ya dawa yanafika, hata vifaranga wanafika. Mtoto ana miezi minane na wewe hujamwona! Tarehe thelathini nahamishiwa kituo cha mbali, siku mbili na ndege tatu kutoka kwako. Tiketi yako ya Jumatano ijayo iko kwa karani. Usinipige chenga.

Kitindamimba wako

12 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo haujambo, unauma nikiukumbuka tu. Pole ya bega.

Kazi yangu unaijua. Miaka ishirini na sita napima abiria na mizigo, na kilo ikizidi mtu anabaki, awe mkubwa wa nani. Leo zilizidi kumi na moja. Sheria ni msumeno, nikajishusha mwenyewe. Labda siku nyingine.

Baba yako

19 Machi

Baba,

Shikamoo. Tu wazima, jino la tatu liko njiani.

Rubani hana siri. Amesema ndege iliondoka na viti vinne vitupu, na kwamba ulipanda kidato kimoja cha ngazi, ukarudi kumwambia karani umeacha jiko linawaka. Baba, umeanza kupika lini?

Kumbe umepakia watu miaka yote hiyo na hujapaa hata mara moja. Sikucheki. Haya, nimecheka kidogo. Sasa nakugawia zile dakika. Kumi za kwanza ndege itapiga kelele, ndiyo tabia yake, kama shangazi. Kumi za pili utaona mto. Ishirini zinazofuata hakuna kitu, kula machungwa. Za mwisho niachie mimi, nitakuwa redioni na rubani.

Naogopa kuhama kabla hujambeba mwanangu. Tiketi ya Jumatano ijayo iko tena kwa karani. Njoo, Baba.

Kitindamimba wako

26 Machi, angani

Mwanangu,

Marahaba. Naandika nyuma ya barua yako. Uniwie radhi kwa mwandiko, anayetetemeka si mimi, ni kiti.

Zile kilo nilikudanganya. Niliogopa, na aibu ya kuogopa ikanishinda kuliko woga wenyewe.

Dakika ya tatu. Shangazi yako umemsingizia.

Ya kumi na nne. Mto nimeuona, kwa jicho moja.

Ya thelathini. Machungwa yameisha. Mama wa kiti cha mbele amenihurumia, kanipa la kwake.

Ya arobaini na sita. Rubani anasema unalia redioni. Jikaze, mama, ndege unayoiongoza nimo!

Ya hamsini na moja. Tuko chini. Ngazi haijashushwa, na kuna mtu anakimbia uwanjani na mtoto kifuani. Ni marufuku kabisa, nimewafokea wengi kwa kosa hilo.

Mwacheni akimbie.

Babu