Fungu la Jaifar

Minnesota, 17 Septemba 2023

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Vipi presha, na goti linakubali kupanda ngazi za hapo Hamriya? Mie mzima, ila baridi imeshaanza kuniuma vidole.

Kila siku unaniuliza nafanya nini huku, basi leo nakueleza. Kazi yangu ni kupima maji. Wenyeji wa hapa, Waanishinaabe, wana mpunga unaoota wenyewe ziwani, na jina lake kwao ni manoomin. Wazee wao waliambiwa watembee mpaka wafike pahala ambapo chakula kinaota juu ya maji, ndipo wakae. Kwa hiyo wanauhesabu ni jamaa yao, na kabla ya kuuvuna huweka tumbaku majini na kuomba. Sasa huko juu, kwenye mto unaoingia ziwani, kuna mgodi, na uchafu wake unaua mpunga. Vipimo vyangu ndivyo watakavyovipeleka mahakamani.

Lakini watu wa chuo kikuu kama mie hawaaminiki huku, na sababu wanazo. Zamani walikuja wakachukua mbegu bila kuuliza, wakazichunguza, wakatengeneza mpunga wa mashambani wa kuuzwa. Ndiyo likawekwa sharti: maji pima utakavyo, punje usiichukue. Mie nimeingia kwa dhamana ya mama mmoja wa baraza lao, Bi Marlene. Miaka miwili nimekaa jikoni kwake namenya viazi kabla hajanipandisha mtumbwini. Mwezi huu kanipandisha. Yeye anasukuma kwa upondo, mie nayapiga mashuke kwa vijiti viwili, punje zinamwagika mapajani. Sijapata kufurahi hivyo tangu nije.

Nikamwambia kwetu mtu hafurahii chakula cha ugenini mpaka amemlisha aliyemlea. Akacheka, akanipa mfuko wa mpunga ulioshakaangwa na kutwangwa. "Mpelekee ale," akasema. Nimempa Wael, yule mwanafunzi mwenzangu, anakuja Muscat likizo.

Sharti ni moja, Shangazi, nakuomba kwa dhati. Upikwe wote kwako na uliwe wote kwako. Isitoke hata punje moja isiyopikwa. Nimempa Bi Marlene neno langu.

Mwanao,
Rawan

Hamriya, Muscat, 9 Oktoba 2023

Mwanangu Rawan,

Waalaykum salaam, marahaba. Sisi wazima, presha inapanda na kushuka itakavyo. Dadako Hajar ataipiga picha barua hii akupelekee kwa simu, kama kawaida yetu, maana mie kuandika kwa kidole kwenye kioo siwezi na sitojifunza.

Wael kaleta amana. Kijana ana adabu, ila kakonda, nkamlisha kwanza. Huo mpunga wako mweusi, mrefu kama sindano! Nliuroweka toka usiku, nkaupika kwa nazi Ijumaa, na nguru wa kukaanga. Unanuka moshi na majani. Ami yako Thani kanuna, kasema ni chakula cha ndege, kisha kaongeza mara mbili. Tumemuombea dua huyo mama. Mwambie.

Ndugu yako Jaifar hakuja. Hiyo maabara yao ya mbegu huko Qurum siku hizi haina Ijumaa wala Idi. Nkamwekea fungu lake, lakini sikulipika, wali uliolala Jaifar hali, unamjua. Nkampa Hajar kibakuli kimoja ampelekee mkewe, wapike wale wakati wao. Najua ulivyosema. Lakini ulikuwa na maana watu wa nje, na Jaifar si mtu wa nje. Nimewanyonyesha pamoja, wewe huku na yeye huku. Toka lini kikapikwa kitu nyumba hii fungu lake lisiwekwe?

Kula vizuri, vaa soksi.

Shangazi yako,
Kheiria

Minnesota, 10 Oktoba 2023

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe, sina salamu ndefu. Nenda kwa Jaifar leo ukalichukue hilo bakuli. Usimtume Hajar, nenda mwenyewe. Kama mpunga umepikwa, alhamdulillahi. Kama haujapikwa, uchukue, uupike, uule. Nampigia simu na hapokei. Nina khofu, Shangazi. Jaifar kazi yake ni mbegu.

Rawan

Hamriya, 2 Novemba 2023

Mwanangu,

Natumai hujambo, ingawa najua si hivyo. Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilitaka nikuandikie kitu kizuri. Sina.

Nilikwenda siku ile ile. Mkewe alikuwa hajapika. Alisema Jaifar ameuona tu akauliza umetoka wapi, na asubuhi akaondoka nao. Nkamfuata maabara, wakanikalisha kwenye kiti cha wageni saa nzima. Akatoka anacheka, "Mama, umeniletea hazina." Nkamwambia arudishe. Kasema punje zilizosagwa hazirudi.

Leo kaniambia kazi imekwisha. Amesoma vinasaba vyote vya mpunga ule, kaviweka kwenye mtandao wao wataalamu, bure, dunia nzima isome. Kaandika na jina la ziwa. Na jina lako, wewe kwa heshima, kwa kukushukuru. Nkamwambia afute. Kasema akifuta kwake hafuti kwa wengine, wameshanakili. Tena hakuona kosa, wallahi. Kasema mpunga unakufa, si bora ujulikane kabla haujaisha? Nilimpiga, Rawan. Mtu wa miaka thelathini na sita, nilimpiga kofi mbele ya mkewe, na halikusaidia kitu.

Nambie nifanye nini.

Shangazi yako,
Kheiria

Minnesota, 20 Januari 2024

Shangazi,

Shikamoo. Naomba afya yako iwe njema.

Walijua kabla sijawaambia. Nilitaka nimwambie Bi Marlene mwenyewe, nikajipa siku mbili za kutafuta maneno, na katika hizo siku mbili akasikia kwa mwengine. Baraza liliniita. Nikaeleza juu ya fungu la Jaifar, nikaeleza kwamba kwetu ni mapenzi. Mzee mmoja akasema hata wale wa mwanzo waliochukua mbegu walikuwa na sababu nzuri.

Mkataba na chuo wameuvunja. Vipimo vyangu vya miaka miwili wamevikataa, hawapeleki mahakamani kitu kilichotoka mkononi mwangu. Vyengine hawana. Bi Marlene kaondolewa barazani, maana yeye ndiye aliyenidhamini. Nilimfuata nje kwenye theluji. Hakunigombeza. Kaniuliza kama Shangazi yangu alikipenda chakula. Nikasema ndiyo. Akasema, "Vizuri," akaingia garini. Sijamuona tena.

Nina hasira na wewe. Nimeandika hivyo mara nne nikafuta, safari hii naacha. Nilikuomba jambo moja. Usinambie yatakwisha, hayaishi, kile kitu hakifutiki. Na siku nikirudi, usije nilipo mpaka nikuite.

Rawan

Hamriya, 14 Aprili 2024

Mwanangu Rawan,

Idi imepita, hukupiga simu. Natumai mzima. Sisi wazima.

Sikuandiki kujitetea. Nilisoma sharti lako, nikalielewa, nikaliacha kwa sababu niliona mie najua zaidi. Hilo ndilo kosa langu, wala silipaki rangi. Nimemwandikia na Bi Marlene barua. Kama unaona inafaa, mfasirie. Kama haifai, ichane.

Jaifar haji tena hapa Ijumaa. Nimemwambia asije.

Nijibu neno moja tu, hata la kunitukana.

Shangazi yako,
Kheiria

Hamriya, 22 Juni 2024

Mwanangu,

Hajar kanionesha kwenye simu, ile barua ya mwezi wa nne uliifungua. Basi.

Nimesikia kwa Wael, si kwako, kwamba umerudi tangu Jumapili na umefikia Qurum kwa rafiki yako Kawthar. Kaniambia pia kesi ya mgodi wale wenyeji wameshindwa, hakimu kasema vipimo havitoshi. Na kampuni moja ya ng'ambo inaitumia kazi ya Jaifar kutengeneza mpunga wake. Jaifar mwenyewe kapandishwa cheo.

Jana nilimwambia Hajar anipeleke. Robo saa tu kwa gari. Tukasimama ng'ambo ya njia, gari inawaka kwa ajili ya joto. Ukatoka kutupa taka. Umekonda, na nywele umezikata. Hajar akataka kushuka akuite, nikamshika mkono. Nilikutazama mpaka ukaingia ndani na mlango ukafungwa. Uliniambia nisije ulipo mpaka uniite, na safari hii nimefanya ulivyosema.

Shangazi yako,
Kheiria